Breki za diski zinazolia zisitiwe oili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo, pengine kwa kuwa linahusu baiskeli na si gari, halijapata msemaji. Katika miaka ya karibuni baiskeli za mtumba zenye breki za diski zimeonekana kwa wingi katika masoko yetu, na hapa Moshi, ambako barabara nyingi hupanda kuelekea mlimani na kurudi zikiteremka kwa kilomita kadhaa mfululizo, breki hizo zilipaswa kupokewa kwa furaha. Badala yake zimepata sifa mbaya. Utamsikia mwenye baiskeli akilalamika kwamba breki yake ya nyuma inalia mpaka mtaa mzima unajua amerudi nyumbani, na juu ya kelele zote hizo bado haishiki. Utamsikia na fundi akimjibu kwamba breki za namna hiyo ni za Ulaya, haziwezi kustahimili vumbi la kwetu. Jibu hilo si sahihi. Breki nyingi ninazoziona zikilalamikiwa hazina ubovu wowote isipokuwa mafuta yaliyofika mahali yasipotakiwa, na mara nyingi mafuta hayo yametiwa na mtu aliyekusudia kuzitengeneza.

Chanzo cha tatizo ni mazoea ya breki za zamani. Fundi aliyejifunza kazi kwenye baiskeli za Phoenix anajua breki za raba, ambazo hubana rimu, na rimu ikichafuka kwa oili huoshwa kwa maji na sabuni, raba ikafutwa, kazi ikaisha, kwa sababu raba hainywi mafuta kwa urahisi na eneo la rimu linalobanwa ni refu. Breki ya diski haifanyi kazi hivyo. Hapa kinachobanwa ni sahani nyembamba ya chuma iliyofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye kipenyo cha milimita 160 au 180 kwa kawaida na unene wa milimita 1.8 hivi inapokuwa mpya, na vinavyoibana ni vipande viwili vidogo vya pedi vilivyomo ndani ya kalipa, yaani kibano cha breki. Nguvu yote ya kuusimamisha mwili wa mtu, baiskeli na mzigo wake hupita katika eneo hilo dogo, na joto lote huzaliwa hapo hapo. Isitoshe, pedi hukaa na diski moja muda mrefu hadi huiachia utando mwembamba wa malighafi yake, na ushikaji mzuri hutokana na pedi kukutana na utando huo. Tone la oili likiingia kati, utando huharibika, na pedi nayo, ambayo ama ni mchanganyiko wa nyuzi na unga wa madini ulioshikanishwa kwa gundi, au ni unga wa chuma ulioshindiliwa na kupikwa kwa joto kali, hunywa oili ile kama andazi lililochovywa kwenye chai. Unaweza kuufuta uso wa pedi ukabaki mkavu kabisa, lakini ukishuka mteremko mmoja na pedi ikapata joto, oili iliyojificha ndani hupanda tena juu.

Mafuta hayo yanafikaje huko? Njia ya kwanza, na nadhani ndiyo inayoongoza, ni mnyororo. Kwetu mnyororo hulainishwa kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari, na huwekwa kwa wingi, baiskeli ikiwa imegeuzwa miguu juu na fundi akizungusha pedali kwa kasi ili oili ienee. Diski ya nyuma iko upande wa kushoto na mnyororo uko kulia, kwa hiyo mtu hudhani kwamba viko mbali. Lakini matone yanayoruka kutoka kwenye mnyororo unaozunguka kwa kasi hupita katikati ya spoku bila kizuizi. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukungu wake husambaa kila upande na hauonekani unapotua. Kisha kuna vijana wanaoosha baiskeli pamoja na pikipiki, ambao humalizia kazi kwa kupuliza dawa ya kung'arisha plastiki na matairi; dawa hizo nyingi zina silikoni, na silikoni kwenye diski ni taabu kuiondoa kuliko oili yenyewe. Baiskeli husafirishwa juu ya mabasi na kwenye magari ya mizigo ikiwa imelazwa kando ya madumu ya mafuta ya kula. Na zaidi ya yote kuna vidole: mtu ametoka kushika mnyororo, anaishika diski ili aone kama imepinda.

Kabla ya kutoa dawa ni vizuri fundi ajue ugonjwa, kwa sababu si kila breki inayolia ina mafuta. Diski iliyolowa maji ya mvua hulia pia, lakini baada ya kufunga breki mara chache maji hukauka na kelele hukoma. Kalipa iliyolegea bolti au iliyokaa upande hulia bila breki kupoteza nguvu nyingi. Breki inayosukumwa kwa mafuta, ikiwa na hewa ndani ya mrija au ikivuja, hujulikana kwa mkono wake kuwa mlaini na kuvutika hadi karibu ugonge usukani. Breki iliyoingia mafuta ina dalili yake mahususi: mkono wa breki ni mgumu kama kawaida, unabana kwa nguvu zako zote, lakini baiskeli inaendelea kwenda, na mara nyingi kelele yake ni nzito, yenye mtetemo unaousikia hadi kwenye fremu. Ukizitoa pedi utaziona zina mabaka meusi yenye kung'aa. Nakiri kwamba pedi iliyoungua kwa kushikiliwa mfululizo kwenye mteremko mrefu nayo hung'aa, na hiyo unaweza kuisugua kwa msasa ikapona. Tofauti ni kwamba yenye mafuta, hata baada ya msasa, hurudia ugonjwa wake ikishapata joto.

Sasa nije kwenye tiba zinazotolewa mitaani, ambazo ndizo zilizonifanya niandike. Tiba ya kwanza ni oili. Inasikitisha kusema, lakini wapo wanaosikia chuma kikilia na kuleta oili papo hapo, kama walivyozoea kufanya kwa bawaba za mlango na habu za gurudumu, na kweli kelele hukoma. Hukoma kwa sababu breki yenyewe imekoma kushika. Mwenye baiskeli hulipa, hushukuru, huondoka. Fikiria mtu huyo akiwa na mzigo kwenye keria, ametoka Marangu akishuka kuelekea Himo, barabara ambayo huteremka karibu njia nzima, na anagundua hali ya breki yake kwenye kona ya kwanza yenye gari linalopanda.

Tiba ya pili ni kuosha kwa mafuta ya taa au dizeli. Hayo nayo ni mafuta; huondoa uchafu unaoonekana na kuacha utando wao. Petroli hukauka haraka na ndiyo maana wengi huiamini, lakini nayo huacha mabaki, mbali na hatari ya moto kwa fundi anayeishika karibu na jiko au sigara. Wengine, hasa tangu wakati wa korona, hutumia vitakasa mikono kwa hoja kwamba ni alkoholi. Alkoholi imo, ni kweli, lakini vitakasa mikono huwekwa vitu vya kulinda ngozi isikauke: hata mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una gliserini asilimia 1.45, na vile vizito vya kuminya huwa na vitu vya kuvifanya vigande. Kinachofaa ngozi hakifai diski. Tahadhari hiyo hiyo inahusu baadhi ya spiriti zinazouzwa kwa matumizi ya hospitali, kwa kuwa zipo zinazochanganywa na mafuta ya mbarika. Fundi asome kibandiko kabla ya kununua.

Tiba ya tatu ni moto. Pedi hushikwa kwa koleo na kubabuliwa juu ya jiko la gesi au kuwekwa juu ya makaa mpaka zitoe moshi, kwa imani kwamba oili itaungua yote. Nimewahi kuona breki iliyofanyiwa hivyo ikifanya kazi kwa muda, na sitasema kwamba haijawahi kumsaidia mtu. Lakini pedi za aina ya gundi hazikutengenezwa kuvumilia mwali wa moto. Gundi yake huungua, pedi hulegea kwenye kibati kilichoibeba, na hakuna awezaye kuitazama kwa nje akajua kama itabanduka leo au baada ya mwezi mmoja. Moshi wake nao si wa kuvutwa, na kama fundi aliitangulizia pedi dawa ya kupuliza ya kusafishia breki za magari, ajue kwamba baadhi ya dawa hizo zina kemikali za klorini ambazo zikipashwa moto hutoa gesi yenye sumu. Kuhatarisha mapafu ya fundi na maisha ya mteja kwa ajili ya kuokoa pedi mbili ni hesabu nisiyoielewa.

Kanuni ninayoitetea ni fupi, na ndiyo iliyomo katika vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wa breki hizi: diski husafishwa, pedi hutupwa. Diski ni chuma, hainywi kitu, kwa hiyo inaokolewa. Gurudumu litolewe, diski ifutwe kwa kitambaa safi cha pamba au karatasi iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili, ile ambayo mafundi simu wengi huitumia kusafishia saketi, na kila kitambaa kikichafuka kibadilishwe badala ya kugeuzwageuzwa, kwa maana kitambaa kilichokwisha beba oili huirudisha. Kama alkoholi hiyo haipatikani, maji ya moto na sabuni isiyo na manukato wala vilainisha ngozi, ikifuatiwa na suuza ya kutosha na kukaushwa vizuri, hufanya sehemu kubwa ya kazi. Diski iliyochafuka sana isuguliwe kwa msasa laini, kwa mkono mwepesi na kwa mzunguko, kisha ifutwe tena. Papo hapo fundi apime unene wake: kampuni ya Shimano huandika kwenye diski zake kwamba mwisho wa matumizi ni milimita 1.5, na diski iliyo chini ya hapo haistahili kusafishwa bali kubadilishwa. Kalipa nayo ifutwe ndani, kwa sababu pedi mpya ikiwekwa katika kalipa yenye oili haitachukua wiki kuharibika.

Baada ya kuweka pedi mpya kuna hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, halafu pedi hulaumiwa kuwa ni bandia. Pedi na diski lazima zizoeshwe. Mwendeshaji atafute barabara tambarare isiyo na magari, aende mwendo wa wastani, kisha afunge breki kwa uthabiti bila kulifanya gurudumu lisimame kabisa wala kuburuza, mpaka abaki na mwendo wa mtu anayetembea, aiachie, arudie. Mara ishirini hivi kwa kila breki zinatosha, na nyingine kama kumi kwa mwendo wa kasi zaidi kidogo. Mwanzoni atahisi breki haina nguvu. Kadiri utando niliousema unavyojijenga, ndivyo ushikaji unavyoongezeka. Asiiguse diski kwa kidole wakati huo, si kwa sababu ya mafuta ya ngozi tu, bali pia kwa sababu itamuunguza.

Yapo mafuta mengine yanayotoka ndani, na hapa nawaomba mafundi wa pikipiki wanisikilize, kwa kuwa ndio wanaopelekewa baiskeli za breki za mafuta pale fundi baiskeli aliposhindwa. Breki za diski za waya hazina tatizo hili. Lakini katika zile za mafuta, mkono wa breki husukuma pistoni ndani ya kalipa kwa nguvu ya mafuta yaliyomo kwenye mrija, na mafuta hayo huzuiwa na sili za mpira. Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM na za Hope hutumia oili ya DOT, jamaa moja na ile ya pikipiki na magari. Sili za upande mmoja hazivumilii mafuta ya upande wa pili: huvimba au kuoza, pistoni zikakwama au zikaanza kuvuja polepole, na mafuta yakaishia kwenye pedi. Fundi aliyeongeza oili ya breki ya pikipiki kwenye breki ya mafuta ya madini ataona kwamba siku hiyo inafanya kazi vizuri, na mteja atakaporudi baadaye na pedi zilizolowa, hakuna atakayekumbuka chanzo. Maandishi yako wazi, ama juu ya kifuniko cha mkono wa breki ama kwenye kalipa, na kuyasoma hakuhitaji elimu kubwa.

Kwa anayeshuku kuvuja, njia ya kuhakikisha haina gharama. Kalipa isafishwe na kukaushwa, karatasi nyeupe izungushwe chini yake na kwenye maungio ya mrija, gurudumu likiwa mahali pake ili pistoni zisisukumwe nje, kisha mkono wa breki ubanwe na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani usiku kucha. Asubuhi karatasi itasema. Ikiwa imelowa, hakuna pedi wala msasa utakaosaidia mpaka kalipa itengenezwe au ibadilishwe.

Najua pingamizi nitakalopewa: pedi mpya ni fedha, na tena hazipatikani. La fedha nalikubali kwa sehemu. Mtu anayebeba mkaa au maziwa kwa baiskeli hana ya kuchezea, na kumwambia atupe kitu chenye unene mzuri kwa sababu tu kimeingia mafuta ni kumwambia jambo zito. Lakini mtu huyo huyo hulipa mara mbili au tatu kwa fundi wa kuosha na kubabua, na mwishoni hununua pedi zile zile alizokuwa akizikwepa. La kutopatikana ni la kweli zaidi. Pedi hazina umbo moja. Kila kalipa ina umbo lake, na mtumba hauji na kitabu. Hata hivyo wafanyabiashara wanaofungua makontena wanaona kwa macho yao ni kalipa zipi zinazojirudia, na wangeweza kuagiza pedi za maumbo hayo machache pamoja na shehena. Wanaweka matairi na mipira ya ndani dukani bila kuombwa, wakijua baiskeli haiendi bila hivyo. Pedi zina haki hiyo hiyo.

Na wasidhani kwamba ni wimbi litakalopita. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliziruhusu rasmi breki za diski katika mbio za barabarani mwaka 2018, na mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara letu, diski ndizo zilizokuwa kwenye baiskeli zilizopita katika milima ile. Zinazouzwa mpya Ulaya leo ndizo zitakazokuwa mtumba wetu kesho, na fundi atakayeendelea kujua raba peke yake atakosa kazi pole pole. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinavyofundisha ufundi wa magari vina walimu wanaolijua somo la breki za diski na tofauti za oili zake. Kuwafungulia mafundi baiskeli mafunzo mafupi kusingehitaji karakana mpya.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna mambo ambayo karakana ya chini ya mwembe inaweza kuyafanya kesho asubuhi. Kitambaa cha breki kisiwe kile cha mnyororo. Oili ya mnyororo idondoshwe tone kwa tone juu ya viungo, ziada ifutwe, na diski ifunikwe kwa mfuko wa plastiki wakati wa kazi hiyo. Mikono ioshwe kabla ya kushika gurudumu. Na pedi zilizotolewa kwa sababu ya mafuta zivunjwe kwa nyundo kabla ya kutupwa, zisirudishwe kwenye kopo la vipuri, kwa maana zikikauka huwezi kuzitofautisha na zilizo nzima, na siku pedi zitakapoadimika kuna mtu atazichukua humo na kumfungia mteja.

Wako,
Mwendesha baiskeli,
Moshi, Kilimanjaro.